Kigoda cha Babu Stavro

Sumbawanga, 12 Februari 2024

Mwanangu Vitus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa kitu kizito, maana nasikia huko Athene nako kuna baridi. Sisi hatujambo. Mahindi yamefika kifuani, ulezi unaendelea, na yule kuku wangu mwekundu ameamua kutagia ndani ya mkoba wangu wa kanisani. Babu yako Adolfu bado anatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe na anataka kila mgeni ajue. Kaburi la baba yako tumelijengea, na msalaba umepakwa rangi nyeupe. Sikuulizi kitu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu ni ya ukoo mzima. Ujumbe wako ukiingia unasomwa jikoni, unajadiliwa, unajibiwa, ndipo naletewa mimi. Barua hawaigusi, wanasema mwandiko wako unaumiza macho.

Sasa sikiliza. Parokia ina jubilei mwezi wa tisa, na kila kikundi kimetakiwa kuandaa mchezo wa kuigiza. Wenzetu wote wamechukua Mwana Mpotevu. Nimeona aibu tuwe na wana wapotevu wengi kiasi hicho siku moja, kwa hiyo nikasema sisi tutaigiza Babu Stavro, yule Mgiriki aliyemzaa Babu Adolfu, jinsi alivyoshuka bandarini Kasanga na sanduku lake, akapanda huku juu, akafungua duka Msanzi, akamuoa bibi yetu, na kila mwaka akasema mwaka kesho anarudi kwao kumwona mama yake. Hakwenda. Hilo watu wa hapa wanalijua, ila mwanzo wake hakuna anayeujua. Wewe uko kwao. Uliza Mgiriki anamuagaje mama yake, analia au halii, na ndani ya sanduku anaweka nini.

Atakayekuwa Babu ni Mwalimu Elia, kwa kuwa ni mrefu na ana sauti. Tatizo ni rangi. Tulimpaka unga wa ulezi akaonekana kama mtu aliyeanguka mashineni. Dona nalo lina madoa. Sasa tunatumia sembe, lakini akicheka linapasuka usoni, na mke wake Coleta anamchekesha makusudi.

Jibu upesi.

Shangazi yako,
Epifania


Athene, 7 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula, navaa. Barua yako ilichelewa njiani, na jibu limechelewa kwangu, nisamehe kwa yote mawili. Msalimie Babu Adolfu na umwambie sina shaka na meno yake. Nashukuru kwa kaburi la baba.

Kuhusu Wagiriki, wanaagana kama sisi. Mama anasema hataki kulia, kisha analia. Ndani ya sanduku wanaweka chakula kingi kuliko nguo.

Najua utauliza nimejuaje, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Mimi pia naigiza. Kuna mwongozaji mmoja hapa ametunga mchezo kuhusu Wagiriki wa zamani waliohama kwa njaa, wakaenda Australia, Marekani na kwetu Afrika. Amekataa kuwatumia Wagiriki. Anasema Wagiriki wa siku hizi wamesahau kuhama, wakishika sanduku wanaonekana kama wanakwenda likizo. Kwa hiyo amekusanya wageni. Mimi ndiye Yorgo, kijana wa kisiwani anayeondoka kwenda Afrika. Mama yangu ni mwanamke wa Ufilipino ambaye siku za kazi analea wazee. Nahodha wa meli ni Mpakistani.

Hatupakwi unga, tunatoka hivihivi tulivyo. Mwanzoni watu walicheka, lakini sasa ukumbi unajaa. Juzi mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia lafudhi yangu ni ya kijijini kwao hasa, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia Alfonsi wa Msanzi. Akafikiri sana, akasema jina hilo amewahi kulisikia.

Mwongozaji ananigombeza kitu kimoja tu. Anasema ninapomuaga mama nalia kwa nguvu mno, Mgiriki hulia kwa ndani. Nimejaribu. Kilio hakiingii ndani.

Wako,
Vitus


Sumbawanga, 9 Juni 2024

Mwanangu Vitus,

Tumsifu Yesu Kristo. Upepo wa kipupwe umeanza, tunalala na makoti. Mahindi tumevuna, Mungu asifiwe, na nimeletewa samaki wa ziwani, migebuka mizuri, kutoka Kasanga nikakukumbuka, kwa sababu ulikuwa huli kichwa. Kuku mwekundu ametotoa. Mkoba siuhitaji tena.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa nikiwa nimeketi. Yaani wewe umetoka Ufipa ukaenda Ugiriki kuigiza Mgiriki anayekuja Ufipa, na sisi tuko hapa tunamaliza sembe kwenye uso wa mwalimu. Si ungebaki tu?

Kwa hiyo nimeamua, na nimeshatangaza baada ya Misa: utakuja mwezi wa tisa, na Babu Stavro utakuwa wewe. Lugha unayo, pua yake unayo, kulia unajua. Watu walipiga makofi. Watu wa Msanzi wamechagua fahali wa kukuchinjia. Mwalimu Elia alinuna, lakini Coleta alishukuru, amechoka kufua mito yenye unga.

Kuna jambo zito zaidi, na hili nalisema bila mzaha. Babu Adolfu alikuja mazoezini akatazama mpaka pale Babu Stavro anapokufa. Aliposikia tunataka afe kisha pazia lifungwe, akasimama. Anasema baba yake alipokufa kweli, mwaka ule wa Uhuru, alizikwa na mapadre vizuri kabisa, lakini hakuna aliyekalia kigoda chake baada ya matanga, maana hatukujua kama desturi yetu inawahusu Wagiriki. Wewe unajua kwetu kigoda hakiachwi kitupu. Mwana hakalii cha baba yake, hukalia mjukuu au kitukuu kwa upande wa kiume, akabeba jina na heshima yote. Mzee anasema ndiyo maana ukoo huu watu wake hawatulii. Ndugu yetu Christopha alivuka kwenda Kongo kuuza dagaa akapotea, na wewe uko uliko. Marehemu bado anatembea, na sisi tunamfuata nyuma.

Kwa upande wa kiume umebaki wewe peke yako. Wengine wote ni wana wa mabinti. Njoo ukae kwenye kigoda, uigize, ule nyama, halafu ukitaka urudi huko. Sikukatazi kurudi. Njoo tu nikuone.

Shangazi yako,
Epifania


Athene, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa ni joto, hata njiwa wanatembea kwa miguu. Mimi ni mzima. Pole na upepo. Kichwa cha mgebuka ningekila sasa.

Kuhusu mwezi wa tisa, mchezo wetu umeongezewa muda kwa sababu watu bado wanakuja. Nikiondoka hakuna wa kushika nafasi yangu. Mwalimu Elia ataweza, ana sauti, na kwa kifo hahitaji Kigiriki. Naomba usikasirike.

Ngoja nikueleze la kuchekesha. Kuna bibi mmoja anaitwa Evdokia, mjane, anakaa mstari wa mbele kila Jumapili. Kaka yake alipanda meli kwenda Afrika akiwa kijana, wala hakuandika hata neno. Baada ya onyesho la kwanza bibi huyu alinifuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo akanizaba kofi. Kisha akanikumbatia, akanipa mkate wa jibini, akaniuliza kwa nini sikuandika. Nilijaribu kumweleza. Akasema kwao walizoea kusikia visingizio vyangu. Tangu siku hiyo naletewa chakula kila Jumapili, na kila Jumapili nagombezwa kwa jinsi nilivyomuua mama kwa kihoro. Nimekwishaomba msamaha mara nyingi na sasa naona kweli nilikosea.

Katika sehemu ya pili ya mchezo kuna ofisa wa bandari anayemuomba Yorgo karatasi zake. Maneno yangu pale ni machache, mtoto angeyashika. Mimi nayasahau kila siku. Mwongozaji anafikiri ni ufundi, amewaambia waandishi wa magazeti kwamba nimevumbua ukimya.

Onyesho likiisha, meli ikishaondoka na mimi ndani yake, navua koti na kutoka kwa mlango wa nyuma. Wenzangu wanatoka mbele, wanapigwa picha. Mimi napita nyuma kwa sababu njia ni fupi.

Nipigie picha mchezo wenu. Samahani sana, Shangazi.

Wako,
Vitus


Sumbawanga, 6 Oktoba 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo.

Usishtuke, wala sijaanza kuzeeka vibaya. Soma mpaka mwisho utaelewa kwa nini nakuamkia.

Sisi wazima. Mchezo ulifanyika Jumamosi ya jubilei kwenye ukumbi wa parokia, na Paroko hakuwepo kwa sababu alikuwa ameitwa Kasanga kwenye ubatizo. Hilo ndilo lililoharibu mambo, au lililoyatengeneza, sijui. Mwalimu Elia aliigiza vizuri kuliko nilivyomtegemea. Aliposhuka kwenye chombo na sanduku, watu walisimama wamwone vizuri. Alipomuoa bibi, wakapiga vigelegele. Alipokuwa akisema mwaka kesho nitakwenda kumwona mama, akina mama wa mbele wakaanza kujipangusa. Akalala kwenye mkeka, akafa.

Basi kulikuwa na wanawake wa Ilemba waliokuja mjini kuuza mchele, wakaingia ukumbini kukwepa jua. Hawakuuona mwanzo. Walichokiona ni mtu mweupe pe, amelala, na watu wanalia. Wakaangua kilio cha kweli, kile cha kujitupa chini. Kilio hakichagui, ukumbi mzima ukafuata. Mimi mwenyewe nilikuwa mama yake Mgiriki, nimesimama upande wa pili wa jukwaa, yaani Ugiriki, na nilikuwa na maneno ya kusema. Sikuyasema. Nilijitupa.

Nilipoona imetosha nikaashiria pazia lifungwe. Babu Adolfu akapanda jukwaani akalishika. Akasema kwa sauti ambayo hata nje waliisikia: "Mtu hafi mbele yangu halafu akaenda kunywa soda." Akaamuru matanga yaanze palepale, matanga ya Babu Stavro, yaliyocheleweshwa tangu Uhuru. Fahali wako wa Msanzi alikuwa ameshafika, pombe ya ulezi ilikuwepo, watu walikuwepo, na maiti ilikuwepo. Ukifikiri vizuri, hakukuwa na kilichopungua.

Mwalimu Elia alikatazwa kuinuka. Alipiga chafya kwa ajili ya unga, watu wakasema roho inaaga. Coleta walimvua hereni wakamkalisha kwenye mkeka wa wafiwa. Akawaambia, jamani, mume wangu huyo hapo anapumua. Wenzake wakamfunika kanga, wakamwambia ndivyo tunavyosema sote siku ya kwanza. Alipoulizwa kama yuko tayari kurithiwa na shemeji akarusha kiatu.

Paroko aliporudi Jumatatu alikuta msiba mkubwa kwenye ukumbi wake, wa mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya wagonjwa wala ya wafu, na marehemu mwenyewe akigawa chai. Maana usiku wa kwanza ulipopita tulimruhusu mwalimu ainuke asaidie, mradi asiseme na watu kama mtu aliye hai. Paroko akaomba chai naye.

Siku ya kumaliza matanga kikaletwa kigoda. Nilikupigia simu, ile ya picha, nikiwa nimeishika juu ili wote wakuone. Ikaita mpaka ikachoka. Babu Adolfu akasema damu ni damu hata ikiwa kwenye karatasi. Wakaleta picha yako ya kidato cha nne, ile yenye tai ya kuazima, wakaiweka juu ya kigoda, wakaivisha shuka jeusi, wakapaka unga wa ulezi kwenye kioo, na ukatajwa jina Stavro mbele ya ukoo. Babu Adolfu mwenyewe, na miaka yake yote ile, akapiga magoti akakuambia, "Shikamoo Baba." Nasi tukafuata kwa zamu, kila mtu kwa cheo chake. Wewe sasa ni babu yangu, na mimi ni mjukuu wako.

Nilidhani baada ya hapo watasema twende tukamlete. Nilijipanga kwa maneno hayo. Mzee akasimama akafunga mkutano hivi: "Mgiriki wetu alitaka kurudi kwao, tukamzuia kwa mapenzi. Sasa yuko kwao. Asisumbuliwe tena." Watu wakaitikia, wakafurahi, wakanywa. Kila ninayekutana naye sokoni ananipa hongera kwamba babu yangu amefika salama.

Vitus mwanangu, mimi sifurahi. Nilitafuta njia ya kumrudisha mtoto, nikarudi nyumbani na babu. Nimeambiwa hata kukuita mwanangu ni utovu wa adabu. Nimelivunja hilo sasa hivi na nitalivunja tena.

Mjukuu wako, kwa agizo la ukoo,
Epifania


Athene, 24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Usiniamkie, nakuomba. Barua yako niliisoma nikicheka, mpaka nilipofika kwenye picha yangu na shuka jeusi. Pale nilisimama. Ulipopiga simu nilikuwa jukwaani, nikiaga.

Sikutaka kukuambia, lakini imefika mahali pa kukuambia. Sina karatasi. Za masomo ziliisha siku nyingi, na za kazi sikuzipata. Nikitoka nchi hii siruhusiwi kuingia tena. Baba alipofariki nilikuwa na fedha ya tiketi. Nilikaa uwanja wa ndege kutwa nzima nikijiuliza, nikipanda nimeipoteza Ulaya, nisipopanda nimempoteza baba. Sikupanda. Nikakutumia ujumbe kwamba kazi zimebana. Mlango wa nyuma siupiti kwa ufupi wake, napita kwa sababu askari husimama mbele.

Nimechoka kuagana jukwaani na mama wa Kifilipino wakati baba, ambaye sikumuaga, yuko Msanzi chini ya msalaba mweupe. Na kama nyumbani wameshanipa jina la mtu aliyefika kwao, wakaacha kuningoja, basi nimekwisha. Nimeamua kurudi.

Hata kurudi nako ni kazi. Nilikwenda mwenyewe kituo cha polisi cha mtaani, nikamwambia askari wa zamu kwamba mimi ni Mtanzania, sina kibali, naomba nirudishwe kwetu. Akanitazama, akapiga kelele kuwaita wenzake. Nikajua ndio nafungwa. Wakaja wote, akawaambia, huyu ndiye Yorgo. Alikuwa amempeleka mama yake kututazama. Waliniletea kahawa, wakapiga picha nami, wakanisihi niseme yale maneno ya kumuaga mama. Nikayasema. Askari mmoja alilia, na kwa kweli alilia kwa ndani kama mwongozaji anavyotaka. Kisha yule wa kwanza akanipigapiga mgongoni akasema, haya, nenda nyumbani ukapumzike. Nikamwambia ndicho ninachokiomba. Wakacheka sana, wakanifungulia mlango.

Ilinibidi nirudi siku nyingine, kwa askari asiyependa michezo. Sasa mambo yako sawa. Ubalozi wetu, ulio nchi nyingine, umenitumia hati ya safari ya kwenda tu. Nitaondoka mwisho wa Februari.

Bibi Evdokia nimemuaga mapema, Jumapili. Nilimwambia ukweli wote. Akasema anajua mimi si kaka yake, ana macho, tena kaka yake alikuwa mfupi. Ila kaka yake hakuwahi kuja kula. Ameahidi kunifungia mikate ya safari, mingi kuliko nguo zangu.

Sijui nikifika nitakuwa nani. Babu Adolfu ataniamkia? Nitamjibu nini?

Wako,
Vitus


Sumbawanga, 5 Januari 2025

Mwanangu Vitus,

Heri ya mwaka mpya. Mvua zinanyesha mno, barabara ya Kasanga ina matope, lakini sisi wazima. Coleta ameanza tena kuzungumza na mimi.

Barua yako hakuna aliyeisoma ila mimi, na hakuna atakayeisoma. Na mimi ninalo la kusema. Habari ya karatasi niliijua. Niliijua siku uliponitumia ujumbe kwamba kazi zimebana, wakati baba yako bado yuko ndani hajazikwa. Mtoto niliyemlea mwenyewe hawezi kubanwa na kazi siku hiyo. Niliwaambia watu una cheo kikubwa huko, nao wakaamini. Usiku nikakulaani kidogo, nikatubu, nikakulaani tena. Ulipoandika habari ya mlango wa nyuma nililia hapa mezani. Nilikuita kwenye mchezo nikijua kwamba ukija hutarudi Ulaya. Nilikuambia sikukatazi kurudi, na ulikuwa uongo. Nilitaka uikose Ulaya, nikupate mimi. Sina majuto makubwa.

Babu Adolfu nimemwambia unakuja. Alifikiri jioni nzima kuhusu baba yake kurudi Ufipa kwa mara ya pili. Mwisho akasema, kama Mgiriki amekwenda kwao, akapaona, na bado ameamua kupanda huku, basi hakupotea njia mara ya kwanza. Amefurahi sana. Anataka kukupokea kwa ngoma na ukoo mzima, wote wakiwa magotini.

Nimewapa tarehe ya uongo. Wao watakungoja Jumamosi. Wewe njoo Alhamisi kabla yake, nitakuwa stendi peke yangu, na kutoka hapo tutakwenda moja kwa moja Msanzi kwa baba yako. Baadaye watu wafanye wanavyotaka, wakuite Stavro, wakupigie magoti, wakupe duka.

Ila ukishuka tu, usiniache nikutangulie. Mimi kwa desturi ya ukoo itanibidi nifungue mdomo kwanza, na sitaki. Nina miaka mingi sijasikia shikamoo yako kwa masikio yangu. Iseme haraka, kabla hujaweka mizigo chini.

Shangazi yako,
Epifania